Spageti na nyama ya kusaga kwenye sufuria moja: maji kiasi gani?

Mtoni84
Habari za jioni wapishi. Nataka kupika spageti na nyama ya kusaga humo humo kwenye sufuria moja, bila kuchemsha tambi pembeni na kumwaga maji. Pakiti ya gramu 500, nyama nusu kilo, walaji sita. Chini zinashika, juu hazijaiva, katikati bonge. Nikiongeza maji zinakuwa bokoboko. Maji yawe kiasi gani, na yaingie saa ngapi? Natumia gesi na sufuria ya alumini.

JikoTanga
Lita moja na robo, na yawe yamechemka. Maji baridi yanazilowesha tambi muda mrefu kabla ya kuiva, ndiyo maana zinakuwa bokoboko.

Nyama ianze peke yake na mafuta vijiko viwili, mpaka maji yake yakauke na usikie mafuta yanalia. Weka vitunguu maji viwili, kisha saumu na tangawizi, halafu nyanya nne kubwa za kusaga. Usiharakishe hapa: nyanya zikaangike hadi mafuta yajitenge. Zikiwa bado na maji yake, kipimo chote cha lita moja na robo kimeharibika. Mimina maji, onja chumvi (ukiweka kidonge cha supu, tayari kina chumvi nyingi), ngoja yachemke tena.

Zivunje spageti katikati, zitupie kwa kupishana kama njiti. Zikilala upande mmoja zinashikana kama fagio. Dakika tatu za kwanza usiache mwiko, kwa sababu wanga wa juu unatoka wakati huo na ndio unaogeuka gundi. Kisha punguza moto, funika ukiacha upenyo, koroga kila dakika mbili kutoka chini kabisa.

bi_sufuria
Nakubaliana, ila sufuria yenyewe ni nusu ya tatizo. Alumini nyembamba inapata moto katikati tu. Tumia pana kuliko ndefu, na mwali usizidi kitako. Kwa mkaa, toa makaa yote ya katikati ubakize ya pembeni.

Angalia pia pakiti. Iliyoandikwa durum ni ngano ngumu, inavumilia. Za ngano laini zinalegea haraka: anza na lita moja, uonje dakika ya saba.

Na ikishashika, usikwangue! Hamishia sufuria nyingine kilicho juu, cha chini kiache. Ukikoroga, harufu ya kuungua inaingia chakula chote.

Mtoni84
Asanteni sana. Nijuaje wakati wa kuzima? Na je, tui la nazi linafaa?

JikoTanga
Kata uzi mmoja kwa meno. Ukiona nukta nyeupe ndogo katikati, ndiyo penyewe. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ionekane kidogo, kisha rojo lirudi kuifunika. Zima hapo hapo, funika dakika tano. Watu wengi wanasubiri rojo likauke jikoni, wakati tambi zinaendelea kunyonya hata moto ukishazimwa. Bonge lako linatoka hapo.

pwani_ya_nazi
Tui linafaa sana, lakini ligawe. Tui jepesi vikombe viwili lichukue nafasi ya maji kiasi hicho hicho. Tui zito kikombe kimoja liingie mwisho, moto mdogo kabisa, ukikoroga upande mmoja. Likichemka kwa nguvu pamoja na nyanya linakatika, unaona vipande vyeupe na mafuta yanaelea. Ukitumia tui zito, zima mapema kidogo, nukta nyeupe ikiwa bado kubwa, maana tambi zitalinyonya nalo. Ndimu na kotmiri baada ya kuipua.

bi_sufuria
Kwa makaroni mafupi kipimo ni kile kile, kazi ya kukoroga tu inapungua.