Naombeni mistari ya kuleta amani, usiku silali

Kesha Tena (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, na wenye kejeli wapite tu kimya kimya.

Nina hofu ambayo siwezi kuieleza. Mchana najikaza, kazi zinaenda, nacheka na watu. Ikifika saa nane usiku nashtuka kama mtu aliyeitwa jina lake, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, mikono inakufa ganzi, nahisi ndiyo basi tena. Naenda sebuleni, nafungua Biblia, nasoma Wafilipi 4:6-7 kwa sauti ya chini. "Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu." Nimeukariri wote. Nafunga kitabu, hofu iko pale pale inanitazama.

Zaburi ya 23 nimesoma, ya 91 nimesoma. Naomba mistari mingine au mpangilio wa sala uliowahi kumtoa mtu kwenye hali kama hii, ikiwezekana kabla ya Jumapili. Mke wangu hajui lolote na sitaki ajue.

Nawasilisha.

Dada wa Alto
Pole sana kaka. Isaya 26:3, Yohana 14:27, 1 Petro 5:7. Ongeza Zaburi 94:19, hiyo watu wanairuka: "Katika wingi wa mawazo yangu ndani yangu, faraja zako zaifurahisha roho yangu." Usisome kimoyomoyo, itamke.

Jembe Butu
Mistari unayo ya kutosha. Unachokosa ni kufunga. Mnataka amani lakini tumbo halijawahi kukaa wazi hata nusu siku. Na zaka je? Jipime mwenyewe, usinijibu hapa.

Bwana Shabaha
1 Timotheo 5:23, mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lako. Huo mstari mimi sijawahi kuuasi tangu ujana wangu 😂

Mama Pacha
Shabaha una dhambi wewe. Mleta uzi, mimi nilipojifungua wanangu nilipita hapo hapo ulipo. Usiku nakagua kama wanapumua, nikirudi kitandani nainuka tena nikakague. Bibi mmoja wa kanisani akaniambia niache kutafuta mistari ya hofu, maana kila nikisoma "usiogope" nakumbuka kwamba naogopa. Akanipa Mambo ya Nyakati wa Kwanza, ile orodha ya majina. Adamu, Sethi, Enoshi. Mpaka leo sijafika sura ya tatu, usingizi unanikuta njiani. Na wale mapacha sasa hivi wana ndevu, mmoja hata salamu hanipi vizuri, lakini hiyo ni mada nyingine.

Kinubi
Jaribu sala fupi ya Waorthodoksi, imetumika na watawa kwa karne nyingi. Ukivuta pumzi unasema "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu," ukiitoa polepole unasema "unihurumie mimi mwenye dhambi." Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Hiyo peke yake inapunguza mapigo ya moyo, na akili inapata kitu kifupi cha kushika. Saa nane usiku nani ana nguvu za sura nzima?

Nesi wa Zamu
Pole ndugu. Hali ya kushtuka hivyo mara nyingi hupanda na kufika kileleni ndani ya dakika kama 10 halafu hushuka. Inatisha lakini yenyewe haiui. Maswali machache: umewahi kupimwa tezi la shingoni, au damu kama imepungua? Kahawa unakunywa saa ngapi? Kuna dawa yoyote unatumia? Na kwa nini kabla ya Jumapili?

Kesha Tena
Asante dada. Kahawa sinywi. Dawa situmii. Jumapili ni ratiba tu ya kanisani, haihusiani.

Nesi wa Zamu
Hutumii, au uliacha?

Dada wa Alto
😳

Kinubi
Mkuu, upo? Umeulizwa tangu asubuhi.

Kesha Tena
Nipo. Haya, mtalipata tu.

Nilikuwa natumia. Mwaka jana daktari aliniandikia dawa za wasiwasi, nikazimeza kama alivyosema na nikatulia, hilo silikatai. Mwezi huu kwenye ibada ya maombezi kiongozi wetu akasema kuna mtu humu amebeba amani yake mfukoni. Pakiti ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaenda mbele, hakuna aliyenisukuma. Nilipofika nyumbani nikavibonyeza vidonge kimoja kimoja kutoka kwenye karatasi yake nikavitupa chooni. Vikaelea, ikabidi nivute maji tena. Mke wangu alipiga vigelegele.

Jumapili natoa ushuhuda wa uponyaji. Jina limeshaingizwa kwenye ratiba.

Kabla hamjanirukia: sikulazimishwa, na kiongozi wetu ni mtu wa Mungu, msimguse. Kuhusu ushuhuda sioni shida. Imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, Waebrania 11:1. Nikisema nimepona nasema yanayokuja. Naomba uzi usigeuke kuwa wa dawa, mimi niliomba mistari.

Nesi wa Zamu
Nitasema mara moja, kisha nikuache na mistari yako.

Dawa za wasiwasi ziko makundi tofauti. Nyingi ukizikata ghafla mwili unagoma: kizunguzungu, jasho, usingizi unakatika, wengine wanasikia kama shoti ya umeme inapita kichwani, na wasiwasi unaweza kurudi kwa kishindo. Za kundi la benzodiazepini, zile za kutuliza na kuleta usingizi, aliyezitumia muda mrefu akikata ghafla anaweza kupata hata degedege. Ndiyo maana zinapunguzwa kidogo kidogo na daktari ndiye anapanga hatua. Kwa hiyo hicho unachokihesabu kama imani ndogo inawezekana kabisa ni mwili unadai dawa.

Usijirudishie dozi kwa kukisia. Piga simu leo kwa aliyekuandikia, mwambie jina la dawa na siku uliyoacha. Ukiona unatetemeka sana, unachanganyikiwa, degedege, au mawazo ya kujidhuru, hiyo ni dharura, unakwenda hospitali usiku huo huo.

Jembe Butu
Ndiyo yale yale. 2 Mambo ya Nyakati 16:12, mfalme Asa aliugua miguu, hakumtafuta Bwana bali waganga, na mstari unaofuata amekufa. Kijana simama na ulichokiamini.

Msoma Pembeni
Jembe, soma vizuri. Kosa la Asa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Huyu bwana anamtafuta kila siku saa nane usiku.

Na ukitaka wafalme, mchukue Hezekia, Isaya 38. Aliomba, akalia, Mungu akamwongezea miaka 15 kwa ahadi ya wazi. Baada ya ahadi hiyo, Isaya yule yule akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Ahadi imetoka na tini zikabandikwa, wala hakuna aliyemwambia mfalme ameonyesha mashaka.

Mleta uzi, hilo la ushuhuda ndilo linanisumbua. Wale wenye ukoma kumi wa Luka 17 waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, na kuhani kwa sheria ya Walawi 14 kazi yake ilikuwa kukagua kama ugonjwa umetoka kweli. Mtu aliyepona haogopi kukaguliwa. Wewe unataka kupanda jukwaani kabla hujakaguliwa.

Kesha Tena
Kwa hiyo Paulo aliposema "msijisumbue kwa neno lo lote" alikuwa anatania? Ni amri ile. Nikiwa na hofu nimeshaivunja, ndiyo maana naikemea.

Msoma Pembeni
Aliandika hayo akiwa kifungoni. Na katika barua hiyo hiyo, sura ya 2, anasema Epafrodito aliugua karibu ya kufa, na kwamba anamrudisha kwao ili yeye mwenyewe apunguziwe huzuni. Paulo wa "msijisumbue" alikuwa na huzuni ya kupunguziwa, na akaiandika wazi kwa kanisa zima. Yesu naye Gethsemane alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akasali mara tatu kwa maneno yale yale, na aliwaomba wenzake wakeshe naye. Wewe umemficha hata mkeo.

Chai ya Rangi
Samahanini wapendwa, mnalia na nani humu? Hii ni chai, tena ya jana imepashwa.

Angalieni. Uzi wa kwanza: "mke wangu hajui lolote." Ukurasa huu: "mke wangu alipiga vigelegele." Alipigia nini, kama hajui lolote? Akaunti mpya, uzi mmoja tu, kila jambo limepangwa kama igizo, mara vidonge vinaelea, mara jina liko kwenye ratiba. Kuna wahusika wa aina mbili: wanaotaka kuyachafua makanisa, na wanaotaka kuyauza. Kaeni mkao, hivi punde inatua namba ya simu ya mtumishi.

Bwana Shabaha
Hata mimi vile vidonge kuelea nilisita kidogo. Nani anasimama kuangalia?

Mama Pacha
Mwenye hofu ndiye anasimama kuangalia. Nyie hamjawahi kuogopa?

Dada wa Alto
Na mimi nimeanza kuingiwa na shaka. Nimemwombea mtu asiyekuwepo?

Msoma Pembeni
Hata kama hayupo, kuna anayesoma hapa bila kuandika neno na pakiti iko mfukoni mwake. Endeleeni.

Mafuta Yanayowaka
Watu wa Mungu, kuna mtumishi wa kweli amefungua wengi vifungo vya hofu, mpigie au mtumie ujumbe, sadaka ni hiari: [namba imeondolewa na msimamizi]

Chai ya Rangi
NILISEMA. 😂😂😂

Msimamizi
Namba za simu na sadaka haziruhusiwi. Mafuta Yanayowaka amefungiwa. Tumeangalia, si mtu mmoja na mleta uzi. Turudi kwenye mada.

Kesha Tena
Huyo simjui. Na sina haja ya kumridhisha mtu, lakini nimejibu kwa sababu dada wa kwaya amesema ameniombea.

Mke wangu anajua kuhusu vidonge. Asichojua ni kwamba hofu imerudi. Tangu siku ile ananishika mkono kabla ya kulala anasema "asante Yesu", ananiamini, analala. Anafikiri natoka sebuleni kwa ajili ya maombi ya usiku. Amewaambia na dada zake waje Jumapili. Sasa nianzie wapi?

Chai unaweza kuniita chai. Natamani ingekuwa hivyo.

Chai ya Rangi
Mwandishi mzuri, hilo nakupa.

Fundi Sauti
Mimi huwa nakaa kwenye mitambo kanisani, kazi yangu kupandisha na kushusha sauti za watu. Nimesikiliza shuhuda nyingi kuliko wachungaji. Kulikuwa na kaka mmoja alitoa ushuhuda wa nguvu sana, kanisa lilisimama. Baadaye hali yake ikarudi. Sasa atamwambia nani? Akianza kuumwa tena amewaaibisha wote waliopiga makofi. Akawa anakaa viti vya nyuma, halafu karibu na mlango, halafu tukawa tunaulizana yuko wapi. Hakuna aliyemfukuza, ni makofi tu yalimfukuza. Nilipokuja kukutana naye alinikwepa macho mimi, wa mitambo, ambaye sijawahi hata kuongea naye.

Tena pale mbele kuna kipaza sauti kimoja cha waya, kina kelele ukikigusa vibaya. Ukikishika mkono unatetemeka, tunasikia wote.

Jembe Butu
Basi aseme ukweli kwamba yuko vitani. Hilo nalo ni ushuhuda. Kufunga bado nasisitiza.

Nesi wa Zamu
Jembe, asifunge wakati huu kabla hajaonana na daktari. Tafadhali. Eliya naye alipochoka mpaka akaomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria, alimgusa akamwambia inuka, ule. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala. Safari ya Horebu ilikuja baadaye.

Mleta uzi, umepiga simu?

Kesha Tena
Nimepiga. Amenikemea kidogo, lakini kwa upole. Naonana naye kesho.

Ratiba sijamwambia mtu anitoe. Nimeandika ushuhuda kwenye karatasi ili nisichanganyikiwe, na bado nadhani unaweza kusemwa kwa imani.

Msoma Pembeni
Karatasi ina nini?

Kesha Tena
Nilivyoanza kuugua, ibada ile, vidonge. Halafu "tangu usiku ule nalala kama mtoto mchanga."

Mama Pacha
Aliyeandika hilo hajawahi kukaa na mtoto mchanga.

Kinubi
😂😂 Mama Pacha!

Ila kaka, kwa umakini, mstari huo uondoe. Mingine zungumza na kiongozi wako kabla ya Jumapili, mkiwa wawili tu. Kama ni mtu wa Mungu kama ulivyosema, atakusikiliza. Zaburi 32:3, Daudi anasema aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Anza na mke lakini.

Kesha Tena
Huo nimeukata. Mingine naiacha kwanza, nitaona baada ya daktari. Mke wangu yuko hapa ameuliza mbona naandika nakata, naandika nakata.

Mama Pacha
Mjibu, usitujibu sisi.

Dada wa Alto
Mkuu?

Chai ya Rangi
Amepotea. Mwendelezo kesho, msiache kufuatilia.