Bibi anasimulia hivi, mjomba anasimulia vile: tuandike ipi?

Mjukuu_Msikivu: Wakubwa shikamooni. Nimemrekodi bibi kwa simu akisimulia asili ya ukoo wetu. Niliporudia kumrekodi, safari ilikuwa ileile na vizazi vilevile, ila maneno mengi yamebadilika. Kisa cha ndugu wawili waliogombania kisima alikirefusha kwelikweli, maana siku hiyo watoto walikuwepo na kila akiiga sauti ya yule mkubwa wanavunjika mbavu. Mjomba naye akisimulia anaruka babu mmoja mzima. Binamu yangu anataka tuchague toleo moja "sahihi", tulichapishe, mengine tufute. Mimi nasita. Mnasemaje?

Kalamu_Kavu: Msifute kitu! Miaka ya 1930 Milman Parry, mtafiti Mmarekani wa tendi, alikwenda Yugoslavia na mashine ya kurekodi, akakuta waimbaji wa tendi wanaosisitiza kwamba wanarudia neno kwa neno. Ukilinganisha rekodi, kisa ni kilekile, mistari mbalimbali. Mmoja wao, Avdo Međedović, hakujua kusoma wala kuandika, na alitoa utenzi wa mistari zaidi ya 12,000. Hakuukariri wote. Alikuwa na mafungu ya maneno yaliyokwisha kukaa kwenye mizani, akawa anayaunga papo hapo kwa kuangalia wasikilizaji wake. Bibi yako ni fundi wa aina hiyo. Ukichapa toleo moja umepata kisa, ufundi umeuacha nje.

Ngariba_wa_Hoja: Taratibu, Kalamu. Si masimulizi yote yanayocheza hivyo. Wanaokariri Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, kule India wana mtindo wa kutamka neno la kwanza na la pili, kisha la pili na la kwanza, halafu tena la kwanza na la pili, ndipo wasogee kwa la tatu. Neno likidondoka, linajulikana palepale. Kwa hiyo mdomo unaweza kutunza neno kwa neno, ila lazima watu wakubali kuteseka hivyo tangu utotoni. Nasaba za koo nyingi hazina ulinzi huo.

Na mimi huyo babu anayerukwa ndiye ningeanza naye. Wagonja wa kaskazini mwa Ghana waliwaambia Waingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba mwasisi wao Ndewura Jakpa alikuwa na wana saba, kila mmoja na jimbo lake. Miaka kama 60 baadaye majimbo mawili yalikuwa yameshatoweka, na wana wakawa watano. Si lazima mtu akae chini apange uongo; asiye na mwakilishi barazani hutajwa mara chache, mwisho hatajwi. Uzao wa babu yenu huyo uko wapi leo?

Mjukuu_Msikivu: Duh. Ndio tuliokosana nao. Ndio wa kisima!

Ngariba_wa_Hoja: Basi pengo la mjomba nalo ni habari. Liandike kama lilivyo, na jina la aliyesimulia.

Mama_Tendi: Mwambie binamu kutofautiana maneno si kasoro. Kisiwani Simeulue, Indonesia, wazee walisimulia habari za tsunami ya 1907 kwa hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto. Kila mzee na maneno yake, ila agizo halikuguswa: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yalifika ndani ya dakika chache. Kati ya watu takriban 78,000, walikufa saba.

Kwa hiyo mwanangu, tafuta kwanza ni kipi bibi habadilishi kamwe. Mrekodi watoto wakiwepo, andika tarehe na nani alikuwa anasikiliza. Halafu mmoja wa hao watoto asimulie mbele yake. Atakapomkatiza kumrekebisha, hapo ndipo pa kuweka alama.

Mjukuu_Msikivu: Asante mama. Mkubwa wao anajua kuiga ile sauti tayari. Jumamosi naanza na yeye, na mjomba nitamwalika awepo.