Nampeleka mama hija Roma: naombeni ushauri kuhusu wezi wa mifukoni

Mwana_Kilema
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa kumi nampeleka mama yangu hija Roma. Ana miaka 71, hajawahi kupanda ndege, na safari hii ameisubiri tangu marehemu baba akiwa hai. Tutafikia kwenye nyumba ya masista karibu na stesheni ya Termini, tutazuru basilika zote nne kubwa, na Jumatano tunataka kuhudhuria katekesi ya Baba Mtakatifu pale uwanjani.

Kinachonikosesha usingizi ni vibaka. Jirani yetu alikwenda huko na kikundi cha mahujaji, akachomolewa pochi ndani ya basi. Humo mlikuwa na pasipoti, kadi ya benki na euro zake zote. Hakuhisi kitu mpaka aliposhuka, na siku zilizobaki alizimalizia kufuatilia karatasi badala ya kusali. Sitaki mama yangu apitie hayo. Naye mama haambiliki kuhusu mkoba wake mweusi wa begani, ule wa kubana kwa sumaku, hauna hata zipu. Mnaoifahamu Roma, tujilinde vipi? Na pasipoti tutembee nazo au tuziache tulikofikia?

Kigamboni_Kwetu
Hongera sana mkuu kwa kumkumbuka mama. Basi hilo nadhani ni namba 64, linalotoka Termini kuelekea Vatikani. Lina sifa hiyo kwa miaka mingi kwa sababu wanaolipanda ni mahujaji na watalii, na linajaa kweli. Siku ya katekesi chukueni teksi tu. Teksi halali za Roma ni nyeupe na zina mita. Hao wanaowafuata abiria mle stesheni wakinong'ona "teksi, teksi" msiwasikilize.

Dada_wa_Ostiense
Shikamoo kwa mama, mfikishie. Mimi naishi Roma na metro ndiyo usafiri wangu wa kwenda kazini, kwa hiyo hawa watu nawaona wakifanya kazi yao.

Kwanza, msitafute sura ya kibaka. Wengi wanavaa kama watalii: kofia, miwani ya jua, ramani mkononi, wengine ni mabinti wadogo kabisa. Ukiona mtu amekunja koti juu ya mkono wakati hakuna baridi, jua mkono wa chini hauonekani kwa makusudi. Wanatembea watatu au wanne. Mmoja anaingia kwenye treni mbele yako halafu anasimama ghafla mlangoni. Wa pili anakusukuma kwa nyuma kama mwenye haraka. Wa tatu anafungua mkoba, na kilichotoka kinapokelewa na mwenzao ambaye anashuka kabla mlango haujafunga. Ukimkamata uliyemshuku, hana kitu.

Kwa hiyo hatari kubwa iko mlangoni na kwenye ngazi za umeme. Treni ikija imejaa, iacheni, nyingine iko nyuma yake dakika chache tu. Mkishaingia msibaki mlangoni, sogeeni hadi katikati. Mama aegemee ukuta na mkoba uwe kifuani, wewe simama mbele yake ukiwa umemwelekea. Na mkisikia tangazo la kutahadharisha wezi, msipapase mifuko. Anayewatazama atakuwa ameshajua hela ilipo.

Mashine za tiketi pale Termini zina "wasaidizi" wengi. Atakubonyezea vitufe, atasubiri utoe pochi, na wakati huo huo ameiona namba ya siri. Nunueni tiketi za kutosha kwenye duka lenye alama kubwa ya T, wanayaita tabacchi, mkiwa mmetulia.

Halafu kuna jambo ambalo sisi Waswahili linatupata kuliko wengine. Karibu na Kolosei, ule uwanja wa kale wa Warumi, na sehemu nyingine za watalii kuna vijana wanauza bangili za kamba. Wakiona Mwafrika wanaita: "Afrika! Hakuna matata! Dada, mama, karibu!" Mama akisikia Kiswahili ugenini atasimama kwa furaha na kunyoosha mkono wa salamu, na kamba itafungwa palepale. Kinachofuata ni kudaiwa hela. Siwaiti wote wezi, wengi wanatafuta riziki kwa shida, lakini mkono ukishashikwa macho yenu hayako tena kwenye mkoba. Mwambie mama mapema, kabla hamjaondoka nyumbani. Aitikie salamu akiwa anatembea.

Bint_Cherehani
Mkuu usigombane na mama kuhusu mkoba. Mwache aubebe, ila ndani wekeni rozari, leso, miwani, maji na dawa za siku ile tu. Kwa vitu vya thamani, mpeleke mama kwa fundi akashonewe mfuko upande wa ndani wa gagulo, kiunoni kwa mbele, wenye zipu, upana wa kutosha pasipoti na noti zilizokunjwa. Ashonewe kwenye magagulo mawili ili moja likifuliwa asikose. Mama zetu wamefunga hela kwenye pindo la kanga miaka yote, hatoona ni jambo geni. Vile vimfuko vya kuning'iniza shingoni sivipendi, kamba yake inaonekana kwenye kola.

Mwana_Kilema
Asante dada, hili la gagulo mama amelikubali papo hapo! Na pasipoti?

Mzee_wa_Forodha
Acheni ndani. Tembeeni na nakala.

Dada_wa_Ostiense
Mzee wangu, kwa siku nyingi nakubaliana nawe, lakini si zote. Tiketi za Kolosei zinaandikwa jina na mlangoni wanaweza kudai kitambulisho. Polisi pia wana haki ya kumwomba mgeni pasipoti. Nyumba nyingi za masista hazina sefu chumbani, hivyo ulizeni kama wanaweza kuzihifadhi ofisini. Siku ya kutoka nazo, ya mama iwe kwenye gagulo na yako iwe mwilini mwako. Zisikae mfuko mmoja kamwe. Hela na kadi vilevile, gawaneni.

Laini_Mbili
Naongezea upande wa simu, maana watu wanalia kuhusu pochi wakati simu ndiyo benki yenyewe. Kabla hujapanda ndege, weka PIN kwenye laini yenyewe, siyo kwenye simu tu. Bila hiyo, mwizi anaitoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine na kupokea namba za siri zinazotumwa na benki. Piga *#06# uandike IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenye karatasi. Andika pia namba ndefu ya benki yako inayoanza na +255, kwa sababu zile namba fupi za huduma kwa wateja usitegemee zipigike ukiwa Ulaya. Karatasi hiyo abaki nayo mama. Na mkikaa mgahawani simu isiwe juu ya meza. Mtu anakuja na karatasi ya kuomba msaada, anaitandaza juu ya simu, akiondoka anaondoka navyo vyote viwili.

Mwana_Kilema
Nimeandika yote. Swali la mwisho: Mungu apishie mbali, tukiibiwa tunaanzia wapi?

Dada_wa_Ostiense
Namba ya dharura ni 112. Kisha nendeni kituo cha Polizia au Carabinieri mkaandikishe denuncia, yaani taarifa ya wizi, na Termini kwenyewe kuna polisi wa reli. Waambie wazi kwamba mnataka mwizi achukuliwe hatua, ile wanayoita querela. Tangu sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2022, wizi mwingi wa aina hii haufunguliwi mashtaka bila aliyeibiwa kulalamika rasmi, na wageni wengi wanaondoka bila kufanya hivyo. Karatasi ya denuncia ndiyo mtakayopeleka ubalozi wa Tanzania, upo hapahapa Roma, kuomba hati ya dharura ya kusafiria. Nakala za pasipoti, cheti cha kuzaliwa na picha ndogo za mama muwe nazo tangu nyumbani.

Kitu kimoja zaidi, mdogo wangu. Santa Maria Maggiore iko karibu na mnakofikia na mtaenda tu, maana ndiko alikozikwa Papa Fransisko mwaka 2025. Watu ni wengi kaburini na wanasogea taratibu. Mama atafumba macho asali, na ni haki yake, amekuja kwa ajili hiyo. Wewe usifumbe naye kwa wakati mmoja. Simama nyuma yake mpaka amalize, halafu mbadilishane. Mkifika nitafuteni kwa ujumbe wa faragha, Jumapili huwa sina kazi, nitakuja niwapeleke wote wawili basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.