"Mita 20 kwa gramu 5": tunasomaje matokeo haya ya uchorongaji?

HisaNdogo
Wakuu, kampuni moja ya kutafuta dhahabu, imeorodheshwa Australia na leseni yake iko Kanda ya Ziwa, imetangaza shimo lenye "mita 20 kwa wastani wa gramu 5.0 kwa tani kuanzia mita 112, ikiwemo mita 1 ya gramu 92". Hisa zikapaa siku hiyohiyo. Kabla mtu hajaongeza, apige hesabu gani?

Mpima_Mbale
Anza na hilo neno "ikiwemo". 20 × 5.0 ni 100. Toa 92 za ile mita moja, zinabaki 8. Gawa kwa mita 19: gramu 0.42. Ni tui la nazi moja lililogawiwa sufuria ya wali wa harusi.

Kisha soma maandishi madogo chini ya jedwali. Wamehesabu kuanzia gramu ngapi, na wameruhusu mita ngapi za mwamba mtupu katikati? Kilele wamekipunguza? Kile cha 92 ukikishusha hadi 30, wastani wa mita zote 20 unakuwa 1.9.

Angalia pia namba za mashimo. Yakitangazwa 014, 015 na 018, uliza 016 na 017 yameenda wapi.

Mchimba_Chini
Hesabu sawa, hukumu imewahi. Bulyanhulu ni mishipa myembamba inayochimbwa chini ya ardhi, na ni mgodi mkubwa. Mita 1 ya gramu 92 ukiichimba kwa upana wa mita 1.5, hata hiyo nusu ya ziada ikiwa tupu kabisa, unapata gramu 61 kwa tani. La msingi ni kama mashimo jirani nayo yameugonga mshipa.

Tatizo la dhahabu ya chembe kubwa ni bahati. Kipimo cha tanuru huchukua gramu 50 hivi kutoka mfuko wa kilo kadhaa. Chembe moja ikiingia, jibu linaruka. Kwa mita kama hiyo tafuta kama wamerudia kwa kuchekecha kilo nzima na kupima chembe peke yake. Sampuli tupu (zisizo na dhahabu), sampuli rejea (zenye kiwango kinachojulikana) na sampuli pacha (za kurudia kipimo) nazo ziwemo, kila aina walau moja kwa kila ishirini.

Ni uchorongaji gani? Ukiwa wa RC (unaosaga mwamba na kuupandisha juu kwa hewa kama vipande vidogo) na sampuli zilikuwa na maji, dhahabu ya juu huchafua mita za chini. Dalili yake ni viwango vinavyoshuka taratibu chini ya kilele badala ya kukatika. Ukiwa wa almasi (kekee yenye meno ya almasi inayokata mwamba mzima kama mche), nusu ya mche wa mwamba ibaki kwenye sanduku. Bre-X, kampuni ya Kanada iliyodai kupata dhahabu kule Busang, Indonesia, walisaga mche wote, hivyo hapakuwa na nusu ya kupima upya. 1997 ikabainika sampuli zilitiwa dhahabu ya mtoni.

HisaNdogo
Asanteni. Ni almasi, nusu ya mche imehifadhiwa, kilele hakijapunguzwa. Jedwali: uelekeo nyuzi 90, mteremko nyuzi 60. Kwenye jiolojia wanasema mshipa unalalia mashariki kwa nyuzi 70. Lakini unene halisi wameandika "haujulikani".

Mpima_Mbale
Kanuni za JORC za 2012, zile za Australia za kutangaza matokeo ya utafutaji madini, zinawaruhusu kuandika hivyo. Ila namba ulizoleta zinatosha kukadiria.

Nyuzi 90 ni mashariki. Shimo linashuka mashariki kwa 60, mshipa nao unashuka huko huko kwa 70. Pembe kati yao ni nyuzi 10 tu, maana yake shimo limeteleza ndani ya mshipa. Unene halisi ni urefu × sini ya pembe, yaani 0.174. Mita 20 zinakuwa 3.5, na ile mita ya gramu 92 inakuwa sentimita 17. Rudia hesabu ya Mchimba kwa upana wa mita 1.5: kama gramu 11 kwa tani, si 61. Bado si haba, ikijirudia.

Wangechoronga kuelekea magharibi kwa mteremko uleule, pembe ingekuwa 50 na wangeukata mshipa vizuri: asilimia 77 ya urefu ingekuwa unene wa kweli. Waandikie uwaulize kwa nini hawakufanya hivyo, na kama lipo shimo lolote lililochorongwa upande huo.