Naomba ushauri: nimemuahidi mama watoto milima na farasi, tunatokea Kigoma

Fundi wa Ujiji

Heshima kwenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Ujiji, njia ya kushukia mwaloni. Wakati naoa, mke wangu alikuwa haambiliki kwa tamthilia za Kituruki, basi nikaropoka mbele ya dada zake kwamba mimi huyu huyu nitampandisha farasi. Mwaka huu tunatimiza miaka kumi. Juzi ananiwekea samaki mgebuka mezani, ananiambia, "Karibu, farasi wangu ndiye huyu." Nikacheka peke yangu.

Nimedunduliza milioni moja na laki nane kwenye sare za shule za Januari. Nataka tuondoke Julai, siku nne, tulale kwenye nyumba ya mbao huko milimani, baridi ya kuwashia moto, na farasi awe na mtu wa kumwongoza kwa sababu sisi hata punda hatujawahi kumshika. Watoto watabaki kwa bibi yao Kasulu. Huko Kasulu baridi ipo, ila farasi sijamwona tangu nizaliwe.

Je, kuna sehemu ya karibu kuliko Arusha? Na jingine, msinicheke: mimi nina kilo 104. Farasi atakubali?

Mzee wa Reli, Tabora

Kijana, farasi huku kwetu utamtafuta mpaka soli iishe. Sababu ni mbung'o. Mapori ya miombo kuanzia hapa Tabora mpaka huko kwenu yamejaa huyo mdudu, naye anabeba vimelea vya nagana. Ng'ombe anaumwa nagana akakonda, farasi ndiyo hachukui muda kufa. Stanley alipoanza safari ya kuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alitoka pwani na farasi wawili, wakafa kabla hajafika mbali. Huko kwenu Ujiji aliingia kwa miguu. Ndiyo maana mizigo ya njia hii ilibebwa na mabega ya Wanyamwezi, babu zetu, si kwamba watu hawakumjua farasi.

Nenda nyanda za juu zenye baridi. Huko wadudu ni wachache.

Kijana wa Kibirizi

Fundi unahangaika nini? Mahale si milima? Kilele cha Nkungwe mita 2,462, panda boti tu.

Fundi wa Ujiji

@Mzee wa Reli shikamoo, asante sana, leo ndiyo nimejua. @Kibirizi mdogo wangu, Mahale unatembea kwa miguu na unaangalia sokwe. Mtu wangu aliahidiwa farasi, nikimpeleka kwa sokwe nitarudi peke yangu.

Dada Mafinga

Kaka, njoo huku Mufindi. Arusha farasi wapo kweli, upande wa Usa River na Kilimanjaro Magharibi, ila kwa mtu wa Kigoma ni kuzunguka. Wewe shika basi la Dodoma, lala hapo, asubuhi upite Mtera kuja Iringa, kama kilomita 260, halafu Mafinga ni kama 80 tena. Usijaribu kuunga safari yote kwa mkupuo mmoja, mtafika mmenuniana.

Nilipika miaka mitatu kwenye nyumba za wageni za shamba moja huku, kwa hiyo nasema nilichokiona. Julai baridi inauma. Mtu wa ziwani aje na sweta mbili na soksi za kulalia. Asubuhi ukungu unafunika mashamba ya chai huoni hata mtu wa mbele yako, kwa hiyo msikubali kupanda saa moja asubuhi, subirini ufunguke. Jioni farasi wanarudishwa bandani mapema kwa ajili ya usubi, nao wana ugonjwa wao wanaouleta kwa farasi.

Hela yako: siku nne ndani ya shamba haitoshi, usidanganyike. Kaa mbili shambani na mbili gesti ya Mafinga mjini. Piga simu, usitume hela yote kwa sababu ya picha nzuri. Uliza bei ni ya saa moja au ya mzunguko, chakula kimo au hakimo, na kama mwongozaji anashika kamba ya farasi mwenyewe au anatangulia tu na farasi wake. Kwa mgeni asiyejua kitu, ashike kamba. Wasipotoa kofia ngumu, ondokeni.

Mkeo apande kwa upande wa kushoto, asimpitie farasi kwa nyuma, na visigino avishushe chini. Kiatu kiwe cha kufunika na kisigino kidogo, ili mguu usipenye wote kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Na wewe si fundi? Mshonee suruali nzito isiyo na mshono mnene kwa ndani ya mapaja. Wageni wengi nimewaona wanashuka wanatembea kama bata kwa sababu ya jinzi.

Kuhusu kilo zako, samahani. Farasi wa kilo 500 hatakiwi kubeba zaidi ya mia moja hivi, na hapo tandiko limo. Waambie ukweli kwenye simu, wengi watakukatalia.

Kijana wa Kibirizi

Hahaha, fundi punguza ugali wa muhogo!

Fundi wa Ujiji

Dada, Mungu akubariki. Nimepiga simu sehemu moja leo mchana. Nilipotaja kilo, yule bwana akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nitakaribishwa sana kutembea pembeni kwa miguu. Nimekubali. Ahadi ilikuwa apande yeye, mimi sikujiahidi kitu. Nitabeba sweta na kupiga picha.

Suruali nimeshaikata, kadeti nzito ya kijani, mshono wa ndani nimeulaza na kuupiga pasi. Nyumbani nimesema ni ya mteja wa Kasulu. Ameishika, ameigeuza, akaniambia huyo mteja ana nyonga kama zake.