Kurejesha mpingo: je, inafaa kuwa kazi ya maisha?

Mhitimu wa Morogoro
Shikamooni wakubwa zangu. Namalizia shahada ya mimea, na moyo wangu umeangukia mpingo. Tumezoea kuuona katika vinyago vya Wamakonde, na ng'ambo hutengenezewa ala za muziki za kupuliza kama klarineti na obo, lakini mti wenyewe huchukua miaka 70 hadi 100 ndipo ufae kuvunwa. Baba ananiuliza nitakula nini huku nikiutunza mti ambao sitauona ukikomaa, nami nimekosa jibu. Je, yupo aliyeishi kwa kazi hii?

Mzee wa Kibosho
Marahaba, mwanangu. Yupo marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa huku kwetu. Alisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, akatumikia uhifadhi Ngorongoro kwa miaka mingi, na mwaka 1996 akaanzisha mradi wa mpingo pamoja na Wamarekani wawili, James Harris na Bette Stockbauer. Nguvu zake nyingi alizipeleka kwa watoto wa shule na vikundi vya akina mama, na hadi anafariki mwaka 2014 walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni moja ya aina mbalimbali, mipingo ikiwamo.

Mtu wa Kitalu, Kilwa
Naongeza ya kitaluni, maana huko ndiko utakakoanzia. Kuotesha si kazi: loweka mbegu usiku mmoja, na kwa kawaida huchipua kabla ya wiki mbili kwisha. Kazi ni mzizi mkuu, ambao hushuka upesi kuliko shina linavyopanda, ukatoboa kiriba, yaani kimfuko cha mche, na kujichimbia ardhini, hivyo ukichelewa kuinua viriba na kupunguza mizizi, siku ya kuhamisha utausikia ukikatika mkononi. Msimu wangu wa kwanza nilipoteza miche mingi namna hiyo, na iliniuma sana.

Porini adui ni moto wa kiangazi, unaounguza shina changa kila mwaka, nalo huchipua upya kutoka mizizini bila kupata kimo. Kwa hiyo siku zangu nyingi hupita katika mikutano ya vijiji. Kuhusu riziki, mwambie baba kwamba vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vyema mwaka 2009 viliweza kuuza mipingo ya misitu yao wenyewe, na kabla ya gogo moja kuuzwa, lazima awepo mtu wa kuhesabu na kupima iliyosimama.

Mhitimu wa Morogoro
Nashukuruni sana. Kaka wa Kilwa, naweza kuja kujitolea kabla ya mvua za vuli?

Mtu wa Kitalu, Kilwa
Karibu. Njoo na glavu ngumu, mpingo una miiba.