Zanzibar, Durban au Cape Town: filamu yetu ya Kasumbalesa tuipeleke wapi?

Mtoto wa Katuba (Lubumbashi)
Wakubwa na ndugu, salamu. Tumemaliza filamu ya hali halisi kuhusu akina mama wanaovusha unga wa mahindi kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, unga uleule tunaosongea bukari, yaani ugali wetu, hapa mjini. Tuna fedha za kulipia ada ya kuingiza filamu katika tamasha moja, au mawili tukijibana sana. Nimebakiza majina matatu: ZIFF, yaani tamasha la filamu la Zanzibar, tamasha la Durban, na Encounters, ile inayofanyika Cape Town na Johannesburg. Mngekuwa ninyi mngechagua lipi?

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)
Ndugu, unatuuliza nauli bila kutuambia umebeba nini. Filamu ina dakika ngapi? Watu wanazungumza lugha gani ndani yake, na maandishi ya chini ya picha ni ya lugha gani? Imekwisha kuonyeshwa mahali popote? Usipotujibu hayo, kila mmoja hapa atakupigia debe tamasha analolipenda yeye.

Mama Kamalondo (Lubumbashi)
Mimi nitapiga debe bila haya: peleka Zanzibar. Tamasha lile lilianzishwa mwaka 1997, na katika Mji Mkongwe filamu zimekuwa zikionyeshwa usiku, nje, ndani ya kuta za Ngome Kongwe, mbele ya watu wanaosikia Kiswahili bila kusubiri kusoma chochote. Mama wa Kasumbalesa akitania, watu watacheka naye papo hapo. Hilo huwezi kulipata Durban.

Birere (Goma)
Kwa heshima yako, Mama, Kiswahili kipi watakachosikia? Mama wa Lubumbashi akisema “bana balilala njala”, sisi tunaelewa kwamba watoto walilala bila kula, lakini mtu wa Unguja atadhani “bana” ni lile neno la kusisitizia mazungumzo, kama “twende bana”, kisha atabaki akijiuliza ni nani aliyelala njala. Isitoshe, Zanzibar inapokea filamu za kila aina, kwa hiyo yenu itasimama bega kwa bega na filamu za kuigiza zenye waigizaji maarufu. Encounters imekuwa tamasha la filamu za hali halisi tangu mwaka 1999. Mimi ningekwenda huko, ambako majaji wanajua wanachokitazama.

Mama Kamalondo
Mwanangu, Kiswahili chetu si ugonjwa wa kufichwa. Wasioelewa watasoma maandishi ya chini, kama sisi tunavyofanya kwa filamu za lugha tusizozijua.

Mwalimu wa Ibanda
Hapo kwenye maandishi ya chini ndipo nilipoumia, nanyi mniruhusu nilisimulie jambo hili kwa urefu. Miaka michache iliyopita nilisaidia kutengeneza filamu fupi juu ya msichana aliyelelewa na dada wa mama yake baada ya kufiwa. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya tarehe ya mwisho, tukampa kazi ya kutafsiri kwa Kiingereza mtu mmoja wa Pwani ambaye Kiswahili chake ni sanifu kuliko cha sisi sote. Msichana anasema kwa upole, “Mama mukubwa alinikamata”, maana yake kwetu ni kwamba alimchukua akakaa naye. Yule mfasiri aliandika kwamba mama mkubwa alimtia mbaroni. Hakuna kati yetu aliyesoma Kiingereza kwa makini, nasi tukatuma. Siku ya maonyesho nilikuwa nimekaa nyuma. Sehemu ile ya huruma ilipofika, watu wawili walicheka, na katika maswali ya mwisho mzungu mmoja aliuliza kama mama mkubwa ni askari. Msichana mwenyewe alikuwa ukumbini. Alinigeukia kuniuliza watu wanacheka nini, nami nilishindwa kumjibu. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mji, chagua mfasiri, awe mtu aliyekula bukari.

Mtoto wa Katuba
Pole sana, Mwalimu. Naomba radhi kwa kutoeleza vizuri. Filamu ina dakika 34. Akina mama wanazungumza Kiswahili cha kwetu, na wanapobishana bei na Wazambia wanaingia Kibemba. Maandishi ya chini ni ya Kifaransa tu. Fedha tulizonazo ni dola 90, na ziko kwenye simu, katika Airtel Money. Filamu iko YouTube tangu mwezi wa nne, na imetazamwa mara 600 hivi, jambo ambalo naamini litatusaidia.

Birere
Ndugu yangu, hilo la YouTube ndilo ungeanza nalo! Matamasha mengi yanataka kuwa ya kwanza kuionyesha filamu, ama duniani, ama barani, ama katika nchi yao, na yapo yanayokataa kabisa filamu iliyokwisha kuwekwa wazi mtandaoni. Iondoe leo, uiweke kwenye kiungo chenye nenosiri, halafu usome kanuni za kila tamasha mstari kwa mstari. Pia zile dakika 34 zinanisumbua. Kwa filamu fupi ni ndefu, na televisheni nyingi zinataka 26 au 52. Kata ziwe 26.

Mama Kamalondo
Usikate! Hatujui hata atakata nini, wewe unamshikisha mkasi. Kuhusu fedha, mkitumia FilmFreeway, ile tovuti ya kutuma filamu kwa matamasha, pale wanapokea kadi au PayPal, si fedha za simu, na ada ikishalipwa huwa hairudi hata mkikataliwa. Tafuteni mtu mwenye kadi ya benki, lakini akaunti ifunguliwe kwa jina lenu na barua pepe yenu. Tena wahini, kwa sababu ada hupanda kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia.

Fundi wa Sauti (Lubumbashi)
Nimesoma yote, na hakuna aliyeuliza kuhusu muziki. Kuna wimbo wa mtu humo ndani?

Mtoto wa Katuba
Nimekwisha kuiondoa YouTube. Ndiyo, mkubwa, wimbo upo. Unalia katika redio ya lori karibu dakika mbili, na mama mmoja anauimba huku akihesabu mifuko. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Birere
Redio ya barabarani si muziki wa filamu. Hakuna atakayewadai.

Fundi wa Sauti
Anayedai ni mwenye wimbo, si wewe wa kumsemea. Sekunde tano kwa mbali wengi huzifumbia macho. Dakika mbili na mtu anaimba ni jambo jingine, linahitaji ruhusa ya maandishi. Sauti ya mama na ya redio mlizinasa kwa kipaza sauti kimoja au viwili?

Mtoto wa Katuba
Kimoja, cha kamera.

Mama Kamalondo
Basi mtafuteni mwanamuziki mwenyewe. Kama anaishi hapa mjini, mpelekeeni aitazame, huenda akafurahi.

Fundi wa Sauti
Kabla hamjamfuata mtu yeyote, niletee sehemu hiyo niisikilize kama sauti ya mama inaweza kutenganishwa na redio. Ila usiitume kwa WhatsApp, inaharibu sauti. Njoo na flashi, niko katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, karibu na soko, hadi saa kumi na moja.